Homa ya Maziwa Haiishii Zizini

Popote sauti hii inapokukuta jioni ya leo, uwe Langas ukisonga ugali, uwe Kapsoya ukianua nguo kabla mvua haijashuka, uwe kwenye matatu ya kutoka Burnt Forest, au uwe zizini kule Moiben na redio umeitundika kwenye msumari ukimalizia kukamua, karibu tuketi pamoja.

Leo nataka tuzungumze kuhusu mbwa. Naam, mbwa. Najua kuna mtu tayari amenyoosha mkono abadilishe stesheni. Anajiambia, "Bei ya mahindi haijatulia, mbolea ni shida, na huyu anatuletea habari za mbwa?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Huyo mbwa ndiye anayelala nje katika baridi ya Sisibo, Eldoret yetu hii, ili wewe ulale ndani. Tena ninachotaka kukueleza, nusu yake unaijua tayari, ila hujui kwamba unaijua.

Nianze na kisa cha nyumbani kwangu, na sikisimulii kwa kujisifu.

Ilikuwa Julai, na nyote mnaijua Julai ya Eldoret. Tuko juu huku, mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai hata blanketi mbili hazitoshi. Mbwa wetu anaitwa Simba, jina alilopewa na watoto kabla hawajaangalia vizuri kama ni dume au jike. Simba alikuwa amezaa watoto wanane, na walikuwa wameingia wiki ya tatu. Wamenona, ngozi zinang'aa, kila mmoja mviringo kama kiazi. Mimi nikiwaona nafurahi. Najiambia, huyu mama anajua kazi yake.

Jioni hiyo nikamwona Simba hatulii. Analala, anainuka, anazunguka kibanda, anarudi, anawaacha watoto wakilia. Anahema ulimi nje kana kwamba ametoka kukimbia Iten, na baridi yote ile. Mara anasugua uso ukutani, mara anaukuna kwa mguu. Nikasema amechoka na kunyonyesha. Nikaenda zangu kupika.

Saa tatu usiku mtoto wangu akaja mbio. Nikatoka na tochi. Simba amesimama, miguu yote minne imekakamaa kama miguu ya meza, mwili mzima unatetemeka, mate yanachuruzika. Akajaribu kuja kwangu, akaanguka ubavu, miguu ikabaki imenyooka. Mlinzi wa jirani akachungulia juu ya ua, na mkononi tayari ana jiwe. Akaniambia, "Mama, rudi nyuma. Huyo ameshikwa na kichaa."

Sasa nikuulize, msikilizaji. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ungemwamini mlinzi? Ungesema amelishwa sumu na wezi, umnyweshe maziwa? Ungesema kuna jirani mwenye jicho baya? Mimi mawazo hayo yote yalinipitia. Kilichomwokoa Simba usiku ule kilikuwa kadi ya chanjo iliyokuwa kwenye droo, pamoja na simu yenye salio.

Daktari wa mifugo aliniuliza maswali mawili tu. "Amezaa lini?" Nikamwambia wiki tatu. "Wako wangapi?" Nikamwambia wanane. Akasema, "Mama, hiyo ni homa ya maziwa. Watoe watoto kwake sasa hivi. Usimpe kitu chochote mdomoni. Mlete."

Homa ya maziwa! Mimi niliyefuga ng'ombe miaka yote hii! Ng'ombe akishikwa na homa ya maziwa mimi naijua nikiwa bado langoni: amelala chini siku moja au mbili baada ya kuzaa, shingo ameikunja kichwa kikaegemea ubavu, ukimshika masikio ni baridi. Hapa Uasin Gishu hata mtoto wa darasa la sita atakuambia huyo anahitaji kalsiamu. Lakini mbwa wangu mwenyewe, kwenye uwanja huohuo, hatua ishirini kutoka zizini, nilimwangalia kutoka jioni hadi usiku nisiujue ugonjwa wake.

Basi hilo ndilo jambo la kwanza nataka ulishike, na nitalirudia kabla hatujaachana: homa ya maziwa haiishii zizini. Mbwa anayenyonyesha huipata pia, na ikimpata, una saa chache, huna siku.

Sasa tuelezane. Huu ugonjwa ni nini hasa?

Kalsiamu ni yale madini yanayojenga mifupa na meno. Hiyo tulifundishwa shuleni. Lakini kuna kalsiamu nyingine kidogo sana inayotembea kwenye damu, na hiyo kidogo ndiyo inayoifanya misuli ikaze na kulegea kwa wakati wake, na moyo upige kwa mpangilio. Sasa fikiria maghala ya Bodi ya Nafaka hapa mjini. Mifupa ndiyo ghala, imejaa magunia hadi darini. Damu ni duka dogo la mtaani, rafu yake inabeba pakiti chache tu za unga. Kila siku duka linauza, na kila siku lazima kitu kitoke ghalani kije dukani. Nani anafungua ghala? Kuna tezi ndogo sana shingoni, kwa kawaida nne, kila moja haizidi punje ya nafaka. Hizo ndizo mwenye funguo. Zikiona rafu inapungua, zinaamuru ghala lifunguliwe.

Mbwa akizaa watoto wanane, wateja wanane wanaingia dukani kwa pamoja, na kila mmoja anataka kalsiamu kupitia maziwa. Wiki ya kwanza wanakunywa kidogo. Wiki ya pili wanaongeza. Wiki ya tatu wamekuwa wakubwa, wananyonya kwa nguvu, na maziwa ya mama yamefika kilele. Rafu inakwisha kabla ghala halijafunguka sawasawa. Ndiyo maana ugonjwa huu huonekana zaidi kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya kuzaa, ingawa mara chache huja hata siku za mwisho za mimba. Wanaoupata sana ni mbwa wadogo wa kufugwa ndani wenye watoto wengi. Lakini mbwa mkubwa wa ulinzi naye hayuko salama, hasa kama watoto ni wengi na chakula chake ni ugali mtupu.

Labda unajiuliza: mbona ng'ombe hulegea na mbwa hukakamaa, ilhali kilichopungua ni kilekile? Swali zuri. Kalsiamu ina kazi mbili kwenye mishipa ya fahamu. Inasaidia ujumbe uvuke kutoka kwenye mshipa hadi kwenye msuli, na inaituliza mishipa yenyewe isijirushie ujumbe ovyo. Ng'ombe akiishiwa, ujumbe unakosa kuvuka. Ni kama simu isiyo na mtandao: unapiga, haiendi, ng'ombe anabaki chini. Mbwa akiishiwa, ujumbe bado unavuka, lakini mishipa imekosa utulivu. Ni simu inayolia yenyewe, mfululizo, hakuna aliyepiga. Msuli unaambiwa kaza, kaza, kaza. Ndipo unaona kutetemeka, kukakamaa na hatimaye degedege. Na misuli ikifanya kazi hivyo bila kupumzika, joto la mwili linapanda. Mbwa mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Simba alipopimwa usiku ule alikuwa amepita 41. Kwa hiyo ng'ombe ukimgusa ni baridi, mbwa ukimgusa anawaka. Joto hilo lenyewe laweza kumuua.

Na nikuambie jambo lililonishangaza nilipolisoma. Mwaka 1909 watafiti wawili waliofanya kazi Marekani, William MacCallum na Carl Voegtlin, walieleza kwamba mbwa aliyetolewa zile tezi za shingoni hushikwa na mtetemeko, na ukimpa kalsiamu mtetemeko unakoma. Mbwa, wasikilizaji! Ng'ombe walisubiri hadi mwaka 1925, pale Henry Dryerre na Russell Greig wa Scotland walipoihusisha homa ya maziwa na upungufu wa kalsiamu. Kabla ya hapo dawa iliyosifika ilikuwa kupuliza hewa ndani ya kiwele kwa pampu. Kwa hiyo ile chupa inayokuokolea ng'ombe wako leo, mbwa wana mkono wao katika kupatikana kwake. Sisi tukachukua elimu tukaipeleka zizini, na mbwa tukamsahau kibandani.

Haya, tuje kwenye dalili. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya ugonjwa huu huja mapema ukiyaangalia. Kwanza, mama hatulii. Anahema bila sababu, anazungukazunguka, analialia, anawaacha watoto. Pili, anajikuna uso au kuusugua ukutani, kwa sababu mishipa ya usoni inamwasha. Tatu, mwendo unabadilika, anatembea kama aliyevaa viatu vya kubana. Ukiona hayo kwa mbwa anayenyonyesha, usiende kupika kama nilivyofanya mimi. Hapo ndipo pa kupiga simu. Ukingoja hadi atetemeke, umechelewa kidogo. Ukingoja degedege, umechelewa sana.

Na nikusihi kuhusu hili la kichaa, kwa sababu mbwa wengi wanapigwa mawe kwa kosa ambalo si lao. Anayetokwa mate na kutetemeka si lazima awe na kichaa. Lakini pia sitaki msikilizaji wangu atoke hapa akamshike kila mbwa anayetokwa mate. Kichaa cha mbwa kipo nchini mwetu, na mtu akishaanza kuonyesha dalili zake ni nadra sana apone. Kwa hiyo jiulize: Amezaa hivi karibuni? Ananyonyesha? Amechanjwa, na kadi iko? Kama kadi haipo, au umemwona amebadilika tabia, anashambulia, anashindwa kumeza, kaa mbali, zuia watoto, na mwachie daktari aamue. Hata kama amechanjwa, usitie mkono mdomoni mwake, maana taya linalokazwa na degedege halimtambui mwenyewe. Na akikuuma mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo hakuna cha kungoja kesho.

Sasa, ufanye nini? Nitakupa mambo matatu. Shika kalamu, au mwambie mtoto ayaandike nyuma ya kitabu.

La kwanza, watoe watoto. Kila tone wanalonyonya linamtoa mama kalsiamu nyingine. Waweke kwenye katoni yenye nguo kavu, mbali na mama.

La pili, mtulize mama. Mweke mahali penye giza kidogo na kimya, kwa sababu mwanga na kelele vinamzidishia mtetemeko. Zima redio. Naam, hata hii, nitakusamehe. Kama anawaka moto, mlowanishe kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, tumboni na miguuni, na umpepee. Usimmwagie maji ya barafu.

La tatu, tafuta daktari. Sisemi umtafute asubuhi. Mtafute sasa hivi, iwe kwa gari la jirani au kwa simu.

Watoe watoto, mtulize mama, tafuta daktari. Umeyapata?

Sasa tuje kwa yale ya kutofanya, na hapa nawaomba wafugaji wa ng'ombe mnisikilize kwa masikio yote mawili.

Usimnyweshe chochote mbwa anayetetemeka. Najua wengi wetu tukiona povu tunakimbilia maziwa, tukidhani ni sumu. Mbwa ambaye misuli yake imekaza hawezi kumeza vizuri. Maziwa yanaweza kuingia mapafuni, na hata yakifika tumboni kalsiamu yake haitawahi kuingia kwenye damu kwa wakati unaotakikana.

Na la pili, kubwa kuliko yote: usiiguse ile chupa ya ng'ombe. Unaijua. Iko kwenye rafu ya stoo, karibu na dawa ya kupe, umeinunua agroveti kwa ajili ya dharura. Nakiri hapa hewani kwamba usiku ule nilikuwa nimeishika mkononi. Baada ya daktari kutaja homa ya maziwa nikajiambia, dawa si ninayo? Namshukuru Mungu nilimuuliza kabla. Alinijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Iache hapo!" Dawa ile ni kali, imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia nne, mia tano. Mbwa wako ana kilo ngapi? Ishirini na tano? Ukimdunga kwenye mshipa kwa haraka, moyo unaweza kusimama papo hapo. Ukimdunga chini ya ngozi, nyama ya pale inaweza kuoza ikatoka kidonda. Ni kalsiamu, ndiyo, lakini si ya mkono wako wala wangu.

Ngoja nikuonyeshe jinsi inavyofanywa na anayejua, uone kwa nini nasema hivyo. Tulifika kwa daktari Simba akiwa amefungwa kwenye shuka kwenye kiti cha nyuma. Daktari akamnyoa manyoya kidogo mguu wa mbele, akapata mshipa. Akavuta dawa iliyo nyepesi kuliko ile ya ng'ombe, kwa kipimo cha uzito wake. Kisha akatia masikioni kile kipimio cha kusikilizia moyo, akakiweka kifuani kwa Simba, na hakukitoa tena. Mkono mmoja kifuani, mwingine kwenye sindano. Akaanza kusukuma polepole, polepole, kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye mdomo wa koroboi. Mara akasimama. Nikamuuliza kuna nini. Hakunijibu, alikuwa anasikiliza. Moyo ulikuwa umepunguza mwendo, na yeye akangoja hadi ulipotengemaa ndipo akaendelea. Sindano ndogo tu, na ilichukua karibu dakika ishirini. Haraka haraka haina baraka, na kwenye meza ile niliiona maana ya methali hiyo kwa macho yangu.

Taya ndilo lililotulia kwanza. Kisha masikio yakaacha kucheza. Kisha goti la mbele likakunjika, lile lililokuwa limenyooka kama mpini. Simba akapumua kwa kina, akageuza kichwa akanitazama, halafu akakojoa mkojo mwingi ukajaa meza ukamwagika sakafuni. Nikaanza kuomba radhi. Daktari akacheka, akasema, "Mama, hiyo ndiyo risiti. Misuli imelegea."

Basi mama amepona, lakini kuna wanane nyumbani wanalia. Hao nao tufanyeje?

Daktari atakuambia uwaweke mbali na mama kwa muda, mara nyingi kati ya saa 12 na 24, na pengine zaidi. Kama wamefika wiki nne, huenda akakuambia uwaachishe kabisa. Kwa muda huo mama yao ni wewe. Ukienda agroveti uliza maziwa ya unga ya watoto wa mbwa. Kama hayapo, kwa usiku mmoja au siku moja ya dharura unaweza kutumia maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa kwa maji, ukakorogea kiini cha yai. Kwa nini kiini? Kwa sababu maziwa ya mbwa ni mazito mno. Mafuta na protini yake ni kama maradufu ya yale ya ng'ombe, na sukari ni kidogo zaidi. Maziwa ya ng'ombe peke yake huwaacha na njaa na huenda yakawaharisha.

Wape yakiwa vuguvugu, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache. Mtoto wa mbwa alale kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimlaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu, atapaliwa. Na kwa baridi yetu hii, kumbuka mtoto wa mbwa wa wiki mbili za kwanza hawezi kujipasha joto mwenyewe. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa taulo, iweke kwenye kona ya katoni, akisikia joto jingi aweze kujisogeza. Mtoto aliyepoa usimlishe kwanza. Mpashe joto, ndipo umpe maziwa.

Wakiwa na wiki tatu kwenda nne, waanze kulamba uji laini wa maziwa kwenye sahani. Watajipaka hadi masikioni, waache. Kila sahani wanayolamba inampunguzia mama mzigo.

Sasa labda kuna msikilizaji anasema: "Nimeelewa. Mbwa wangu ana mimba. Kesho naenda kumnunulia vidonge vya kalsiamu, nianze mapema." Simama hapo hapo!

Hili ndilo jambo ambalo wengi hukosea, tena kwa nia njema. Mkumbuke yule mwenye funguo za ghala. Kama kila siku lori la nje linashusha mizigo dukani, rafu zimejaa, mwenye funguo atafanya nini? Atalala. Atasahau hata funguo aliziweka wapi. Siku mbwa anapozaa na wateja wanane wanaingia, lori moja halitoshi, na ghala limefungwa. Kumpa mbwa mwenye mimba kalsiamu ya ziada ni kuzilaza zile tezi, na hatari huongezeka badala ya kupungua. Na nyinyi wa ng'ombe mnalijua hili! Si ndiyo sababu mnashauriwa msimrundikie ng'ombe kalsiamu majuma ya mwisho kabla hajazaa? Kanuni ni ileile. Wakati wa mimba mpe chakula kizuri, na vidonge umwachie daktari. Baada ya kuzaa, kama daktari ameona hatari ipo, au ugonjwa umeshatokea, ndipo atakupangia kalsiamu ya kumpa kwa mdomo hadi atakapoachisha.

Chakula kizuri ni kipi? Hebu tuseme ukweli kuhusu sufuria ya mbwa ya Eldoret. Ugali uliobaki, ukoko, mchuzi wa sukuma uliokwisha. Mahindi ni fahari ya kaunti yetu, lakini kalsiamu yake ni ndogo sana. Na aliye na uwezo anasema, "Mimi nampa nyama tupu." Nyama nayo ina kalsiamu kidogo mno, mwenzangu. Iliyo nayo ni mifupa. Kama unaweza, nunua chakula cha watoto wa mbwa, kile cha madukani kilichopimwa madini yake, umpe mama kuanzia mwisho wa mimba hadi aachishe. Kama mfuko hauruhusu, boresha ugali huohuo: omena waliosagwa na miiba yao, mayai, matumbo, mala kidogo kama tumbo lake linaikubali. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika ikawa kama sindano.

Na usimpimie kama zamani. Mama mwenye watoto wengi, maziwa yakiwa kileleni, huhitaji mara mbili, tatu, hata nne ya chakula chake cha kawaida, na tumbo lake haliwezi kupokea chote kwa mlo mmoja. Mgawie mara tatu au nne kwa siku, na maji safi yawepo daima. Maziwa hutengenezwa kwa maji, hilo hakuna mfugaji wa hapa anayehitaji kufundishwa.

Nimalizie na neno kwa wale wanaozalisha mbwa kwa biashara. Sina ugomvi na biashara, watoto wa mbwa wa ulinzi wana soko. Lakini jike aliyewahi kupata ugonjwa huu ana uwezekano wa kuupata tena kwenye uzazi unaofuata. Akishika mimba tena, daktari ajulishwe tangu mwanzo. Na usimzalishe mfululizo bila kumpumzisha. Ghala nalo huhitaji msimu wa kujaa. Sisi nyumbani tuliona Simba ametosheka, tukamfunga kizazi.

Na huyo daktari, mtafute kabla hujamhitaji. Uliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Uliza kama anatibu mbwa, maana kuna wanaojua ng'ombe tu. Yule kijana anayekuja kupandisha ng'ombe kwa mirija huenda ni hodari kwa kazi yake, lakini muulize waziwazi kama amesomea na hii. Kisha andika namba ukutani, jikoni, pale kila mtu nyumbani anaweza kuiona.

Haya, wasikilizaji, saa yetu inakimbia. Turudie pamoja. Mbwa anayenyonyesha akihema, asipotulia, akijikuna uso, akitembea kama amekakamaa: watoe watoto, mtulize mama, tafuta daktari. Usimnyweshe. Usiiguse chupa ya ng'ombe. Na kabla ya kuzaa, usimrundikie kalsiamu.

Watoto wote wanane wa Simba walikua. Mmoja yuko kwa yule mlinzi wa jirani, ambaye sasa ndiye anayewauliza watu mtaani, "Huyo wako amechanjwa? Kadi iko wapi?" Jiwe lake sijaliona tena.

Kama una mbwa aliyezaa hivi karibuni, wimbo unaofuata utakusubiri. Vaa koti, shika tochi, toka nje umwangalie dakika moja. Akiinua kichwa, akapiga mkia mara mbili na kurudi kulala juu ya watoto wake, mwambie usiku mwema, nawe uingie ndani. Mimi nawaaga hapa hadi Jumamosi ijayo. Sai sere.